Kisiwa kinachotoweka chazua kizaazaa Matogoro

Na Mwandishi Wetu, Songea

KISIWA chenyewe kinaitwa Artaeum. Usihangaike kukitafuta kwenye ramani ya ukutani, hakimo. Wanaokijua wanasema ni cha tatu kwa ukubwa katika visiwa vya Summerset, kina mnara wa kale na pango la ndoto, na wenyeji wake ni watawa wa chama kiitwacho Psijic, mabingwa wa uchawi wa kale. Mgeni haingii mpaka aalikwe. Na kisiwa hakitulii mahali pamoja: leo kiko huku, kesho kiko kule, kwa amri ya baraza la watawa. Basi ukaja mwaka wa 230 wa zama zao za pili, kisiwa kizima kikatoweka. Watu, mnara, miti, vyote. Miaka kama 500 baadaye kikarudi kimya kimya, kama mtu aliyetoka msalani. Mkuu wa watawa aliyeondoka nacho, jina lake Iachesis, kitabu hakisemi aliishia wapi.

Hayo yote ni mambo ya gemu ya kompyuta. Yametungwa na watu wanaolipwa mshahara kuyatunga. Lakini hapa Matogoro, chini ya mlima unakoanzia mto Ruvuma, kidogo yamkoseshe mtoto wa dada yangu chuo.

Nilipata habari kwa simu ya dada, asubuhi na mapema.

"Kaka, njoo Matogoro. Mtoto amejiunga."

"Amejiunga na nini?"

"Na wale."

Msomaji wa gazeti hili hana haja ya kuelezwa "wale" ni nani. Nchi hii mtu akinunua gari ghafla ni wa wale, msanii akivaa pete kubwa ni wa wale. Sasa ilikuwa zamu ya mpwa wangu, kijana wa miaka 20 ambaye mali yake yote duniani ni suruali mbili na kompyuta moja iliyotumika, aliyonunuliwa kwa gunia 7 za mahindi ya mama yake. Ilinunuliwa kwa ajili ya masomo, maana amepata nafasi ya kusomea ualimu wa historia.

Nikachukua bodaboda kutoka Mfaranyaki. Kibaridi cha Matogoro mnakijua, nilifika masikio hayasikii. Nikakuta kikao kimeshakaa: dada, baba mdogo wa kijana, na majirani wawili ambao hawakualikwa ila walikuwa wanapita. Kijana kaketi kwenye kigoda, kainamisha kichwa. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Hapo hapo mashtaka yakaanza kusomwa.

La kwanza, mtuhumiwa hukesha gizani mpaka saa tisa za usiku. La pili, husikika akinong'ona majina yasiyo ya Kikristo wala ya Kiislamu. La tatu, dada aliingia usiku akaona kwa macho yake mawili: kwenye kioo kuna mtu kajifunika kofia ya kitawa, dunia yote imeganda, watu wamesimama kama sanamu, yeye peke yake ndiye anayetembea na kusema. Akamaliza kusema, akayeyuka. La nne, na hili ndilo lililomtoa jasho baba mdogo, kumepatikana daftari lenye ramani ya kisiwa na maandishi "2E 230". Baba mdogo alishapiga hesabu zake. Huo, alisema, ni mkataba wa miaka 230.

"Na watawa anaowataja si wa Peramiho," akaongeza dada. "Nimeuliza."

Kikao kilicheka kidogo pale, lakini uamuzi haukuwa wa kucheka. Kompyuta iuzwe. Mteja ameshapatikana na kishika uchumba ameweka, Jumamosi anakuja kuichukua. Tena baba mdogo, ambaye ndiye mwenye kuchangia nusu ya ada, akasema pesa yake haiwezi kumsomesha mtu aliyekwisha kujiandikisha kwingine. Ada ihamie kwa mdogo wake. Kijana akainua kichwa, akakiinamisha tena.

Mimi ni mjomba. Kwa mila zetu mjomba ana neno lake. Nikasema: nipeni mpaka Jumamosi, nikae naye, nione hayo anayoyaona.

MTAWA ANAYESIMAMISHA DUNIA

Nililala kwa dada siku mbili. Jioni ya kwanza, baada ya ugali na dagaa wa Nyasa, kijana akawasha mashine yake.

Kwa faida ya wazazi wenzangu, nieleze kidogo. Gemu hizi si zile za kupiga risasi tu wala za mpira. Humu mchezaji anajivika mtu. Anachagua kabila lake, kazi yake, jina lake, awe mwizi au mganga au askari, kisha anaishi maisha ya huyo mtu katika dunia ya kubuni. Ni ule ule mchezo wa baba na mama tuliocheza uani kwa vifuu vya nazi, ila wenye sheria. Waliouwekea sheria za kuuzwa dukani ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Wakati huo hakuna kompyuta: karatasi, penseli na dadu, mmoja anasimulia na wengine wanajibu watafanya nini. Kompyuta ilikuja kuchukua nafasi ya msimuliaji.

Dunia anayoishi mpwa wangu inaitwa Tamriel, iko katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1994. Morrowind ikafuata mwaka 2002, Oblivion 2006, na Skyrim, ambayo ndiyo aliyokopiwa na mwenzake, ilitoka mwaka 2011. Ni humo ndani ya Skyrim anamotokea yule mtawa. Mchezaji yuko chini ya ardhi kwenye magofu, ghafla kila kitu kinaganda, mtawa wa Psijic anatokea, anatoa onyo, anaondoka. Hasemi anatoka wapi. Mchezaji mwenye akili timamu anabaki na swali: huyu katoka wapi?

Nilimwelewa dada. Nilipomwona mtawa mwenyewe, nilivuta blanketi.

Sasa Skyrim haikupeleki Artaeum hata ucheze miaka kumi. Kufika huko kuliwezekana mwaka 2018, ilipotoka sehemu iitwayo Summerset katika gemu nyingine ya mfululizo huo huo, ile inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Tena wameiweka katika miaka ambayo kisiwa kimetoweka, kwa hiyo mchezaji anapitishwa mlango wa siri. Hiyo inataka intaneti isiyokatika, na kwa mtoto wa Matogoro hilo ni sawa na kuambiwa anunue ndege. Yeye anachofanya ni kutazama video za wenzake waliofika. Na bando la bei nafuu ni la usiku.

Shtaka la kwanza likafa palepale. Kukesha si ibada. Ni bando.

"ANAANDIKA ALIYOSIKIA"

Kilichonishika mimi si kisiwa, ni vitabu. Ndani ya gemu hizi kuna vitabu, si viwili vitatu bali mamia, vimepangwa kwenye rafu za nyumba za kubuni, na ukikigusa kimoja kinafunguka unasoma. Vimeandikwa na waandishi ambao nao ni wa kubuni. Tena, hapa ndipo utamu ulipo, hawaelewani. Mmoja anasifu, mwingine anaponda, wa tatu anasimulia jambo ambalo halikutokea enzi yake.

Na ule mkataba wa baba mdogo? Mpwa wangu alikuwa amegawa daftari safu tatu. Safu ya kwanza, mwandishi. Ya pili, amesema nini. Ya tatu, amejuaje.

Habari za kutoweka kwa Artaeum, kwa mfano, zinatoka kwenye kitabu kifupi kilichomo katika Morrowind, kipande tu, kama ukurasa ulionusurika moto. Nikasoma. Kimeandikwa kwa uhakika mkubwa, kinataja kisiwa kiko kusini ya kijiji gani na magharibi ya kijiji gani.

"Huyu anajua," nikasema.

"Hajui, mjomba. Huyu hajafika Artaeum. Kisiwa chenyewe kinahama, yeye anakitajia jirani. Anaandika aliyosikia."

Nikanyamaza. Nimefanya kazi ya magazeti muda mrefu, nawajua waandishi wazima ambao swali hilo halijawahi kuwapitia kichwani.

Usiku ule sikulala vizuri. Si mtawa. Nilikuwa nakumbuka kwamba sisi tunacho cha kwetu. Kisiwa kilichotajwa, kikashambuliwa, kikafanya biashara na Oman na Siraf, kisha jina lake likapotea, na watu wazima wenye digrii wakakitafuta kwa miaka mingi. Kinaitwa Kanbalu. Asubuhi nikarudi mjini, nikafungua sanduku langu la vitabu vya zamani, nikatoa kile cha Freeman-Grenville cha mwaka 1962 kilichokusanya hati za kale za pwani yetu, panya wamekula jalada tu. Jioni nikapanda tena Matogoro.

KANBALU

Nilimpa kijana hati kama alivyozoea: nani, kasema nini, kajuaje.

Wa kwanza, Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka 868 au karibu yake. Anasema watu wa Zanj ni wa namna mbili, wa Kanbalu na wa Lunjuya. Hiyo Lunjuya ukiitamka taratibu utasikia Unguja. Amejuaje? Hakuwahi kufika, lakini Basra ilijaa watu wa Zanj. Mpwa wangu akaandika: *amesikia, ila kwa wenyewe.*

Wa pili ndiye mwenyewe. Al-Masudi, mtu wa Baghdad, aliyeandika kitabu kikubwa kiitwacho Muruj adh-Dhahab. Huyu alifika. Anasema safari yake ya mwisho kutoka Kanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917, ndani ya merikebu ya ndugu wa Siraf. Alikuwa amesafiri bahari nyingi, ya Uchina, ya Rum, ya Khazar, ya Kulzum, ya Yemen, na anasema hajaona bahari ya kutisha kama ya Zanj. Anasimulia mawimbi marefu kama milima, yasiyovunjika wala kutoa povu, merikebu inapanda juu kisha inatumbukia kama bondeni. Manahodha aliosafiri nao, anataja majina yao, wengine walizama na vyombo vyao.

Kisiwa chenyewe anasema kina Waislamu na wasio Waislamu, na wote wanasema lugha ya Zanj. Kutoka Oman ni farsakh 500, ila anaonya kwamba hayo ni makisio ya mabaharia, si kipimo. Hapo mpwa wangu alipiga mstari mara mbili. Kisha kuna neno ambalo Mswahili yeyote akilisoma anaruka: anasema wafalme wa Zanj huitwa *waflimi*. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, Mwarabu wa Baghdad anaandika kitu ambacho wanahistoria wengi wanakisoma kuwa ni "wafalme".

Anataja pia biashara. Pembe za ndovu zilitoka huku zikaenda Oman, kisha India na Uchina, zikafanyiwa viti vya kubebea wakubwa. Zilikuwa zinakwenda nyingi kiasi kwamba nchi za Kiislamu zenyewe zikawa hazizipati.

Wa tatu ni nahodha, Buzurg bin Shahriyar, mkusanyaji wa visa vya mabaharia. Huyu mpwa wangu alimpenda zaidi kuliko wote, na najua kwa nini. Anasema mwaka 334 wa Hijra, sawa na 945 hivi, Kanbalu ilivamiwa na watu wa Wakwak, waliokuja na vyombo kama 1,000. Walikuwa wamesafiri mwaka mzima. Walipoulizwa wamefuata nini walisema pembe, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa Zanj wa kuwafanya watumwa. Mji ulikuwa na ngome, ukawashinda, ingawa vijiji vingi kandokando viliteseka.

"Wakwak ndio nani?" akauliza dada. Nilikuwa sijajua kama yuko mlangoni, kashika mwiko.

Nikamweleza kwamba hilo ndilo jina lililowatesa wasomi. Waarabu waliita Wakwak nchi yoyote ya mbali mno, mara huko Mashariki ya mbali, mara kusini kwetu. Wanahistoria wengi wanaona waliokuja ni watu wa asili ya visiwa vya Indonesia, ndugu wa wale waliohamia Madagaska. Ushahidi wake wa lugha unaeleweka: Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu wa karibu wa lugha za Borneo, ng'ambo ya bahari nzima ya Hindi.

"Na huyo Buzurugu," akasema dada, "amejuaje?"

Mpwa wangu alimtazama mama yake kama kamwona siku ya kwanza.

Basi baada ya hapo Kanbalu ikafifia. Wakati Ibn Battuta anapita pwani hii mwaka 1331, habari kubwa ni Mombasa na Kilwa. Kanbalu haitaji. Mji ulioogopwa na vyombo 1,000 hauna hata mstari. Wazungu walipoanza kusoma hati hizi karne ya 19, kila mmoja akawa na Kanbalu yake: huyu anasema Madagaska, yule Komoro, mwingine Unguja.

Visiwa vya uongo navyo vipo, tusidanganyane. Kulikuwa na Brasil, si nchi ya mpira, ni kisiwa magharibi ya Ireland, kilichochorwa kwenye ramani za mabaharia kuanzia miaka ya 1320 na kuendelea kuchorwa mpaka karne ya 19, wala hakijapata kuwapo. Na juzijuzi tu, mwaka 2012, meli ya watafiti wa Australia ilikwenda mahali ambapo ramani, hata zile za kompyuta, zilionyesha kisiwa cha Sandy karibu na New Caledonia. Wakakuta maji matupu yenye kina kirefu. Kwa hiyo mtu akikwambia Kanbalu nayo ilikuwa hadithi, hukuwa na haki ya kumcheka.

JUMAMOSI

Mteja alisema atakuja saa nne. Saa tatu kikao kikakaa. Baba mdogo alikuwa na risiti ya kishika uchumba mfukoni, kaikunja vizuri.

Nikaeleza niliyoyaona: gemu, bando, mtawa, vitabu. Nikafika Kanbalu. Baba mdogo akasikiliza kwa adabu, kisha akasema neno la haki kabisa. "Shemeji, wewe ni mtu wa magazeti. Utaongea hata jiwe lilie. Mimi nitajuaje kama hicho cha pili nacho hakikutungwa na hao hao wa kompyuta?"

Nilikosa jibu la haraka. Aliyelipata ni dada. Alimtuma mtoto akamwite mwenye duka.

Duka lile mpwa wangu analijua kuliko kanisa, maana ndiko anakonunua vocha. Mwenyewe ni mzee wa Kipemba, kahamia huku miaka mingi, na Matogoro nzima inamheshimu kwa sababu anakopesha na hatangazi. Akaja na kofia yake ya viua, akasalimia mmoja mmoja, akakaa.

Dada akamuuliza moja kwa moja. "Mzee wangu, huko kwenu Pemba, kuna mahali panaitwa Kanbalu?"

"Kanbalu sikijui," akasema mzee.

Baba mdogo akagusa risiti yake.

"Mkumbuu nakijua. Ras Mkumbuu. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wazungu walikuwa wakija kuchimba."

Mpwa wangu alikuwa ameshafungua daftari. Kuna mwandishi wa nne sikuwa nimemtaja kwenye kikao: Yaqut, mtaalamu wa jiografia aliyekufa mwaka 1229. Huyu anataja kisiwa cha kijani katika bahari ya Zanj, Al-Jazira al-Khadra, jina ambalo Waarabu wanalitumia kwa Pemba mpaka leo, na anasema kina miji miwili. Mmoja kauandika kwa herufi zinazosomeka Mkanbalu. Wa pili zinasomeka kama Mtambi.

"Mzee, shikamoo tena," akasema kijana. "Na Mtambi je?"

"Mtambwe!" mzee akacheka. "Yakhe, Mtambwe si kwetu kabisa! Mimi mtu wa Wete. Mtambwe Mkuu iko pale mbele ya macho."

Sitaki kutia chumvi. Baba mdogo hakuanguka magoti. Aliomba aonyeshwe hayo maandishi, akayasoma kwa kidole, akarudia safu ya tatu ya daftari, ile ya amejuaje. Akauliza ada inatakiwa lini. Mteja alipofika saa nne na nusu alipewa chai na kishika uchumba chake, akaondoka amenuna. Dada akaweka masharti mawili: bando la usiku mwisho saa sita, na yule mtawa asiwashwe yeye akiwa chumbani.

KISIWA CHA KUINGIA NA KUTOKA

Mambo ya familia yaliishia hapo. Ila maswali ya kijana yalikuwa ndiyo kwanza yameanza, na mzee wa duka sasa hauzi vocha bila kuhojiwa.

Waliochimba Ras Mkumbuu ni pamoja na James Kirkman katika miaka ya 1950, na Mark Horton katika miaka ya 1980. Horton alikuta chini ya msikiti mkubwa kuna misingi ya misikiti mingine ya kabla yake, inayorudi nyuma mpaka karne ya 10, zama za Al-Masudi mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu wengi wanaona Kanbalu ni pale. Wapo wanaobisha, wakisema Al-Masudi anadai Waislamu walikichukua kisiwa karne ya 8, na vitu vya umri huo havijaonekana Mkumbuu vya kutosha. Mpwa wangu yuko upande wa wabishi, nafikiri kwa ubishi tu.

Mtambwe Mkuu nako si haba. Mwaka 1984 ilichimbuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo kama kucha, pamoja na dinari kadhaa za dhahabu zilizotoka nchi za nje. Zile za fedha zimepigwa huku huku pwani, zina majina ya watawala wa hapa, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Hebu fikiri, pesa yenye vina! Aliyeificha aliifukia karne ya 11 au baadaye kidogo, hakurudi kuichukua.

Nilimwambia kijana kwamba watunga gemu wameshaifikia Kilwa. Mwaka huo huo wa 2018, gemu ya Civilization VI iliiweka Kilwa Kisiwani kati ya maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kujenga kwenye ufuko wowote anaotaka, hata akiwa anatawala Wajerumani. Kanbalu bado haijachukuliwa. Hakunijibu, ila nimeona daftari limeongezwa safu ya nne na kuna ramani mpya inachorwa, yenye vyombo 1,000 upande wa mashariki.

Wiki iliyopita nilipitia dukani nikamkuta mzee anamweleza habari za Mtambwe. Kisiwa hicho, kasema, hakina ugomvi na mtu, ila kina tabia yake. Maji yakijaa ni kisiwa, huendi bila mtumbwi. Maji yakipwa kinaunganika na ardhi ya Pemba, unapandisha suruali unavuka kwa miguu kwenye tope katikati ya mikoko. Yakijaa tena, kisiwa. Kila siku ya Mungu, tangu enzi za hao wenye sarafu.

Mpwa wangu aliacha kuandika. "Kwa hiyo kinatoweka na kurudi?"

"Hakitoweki. Kinajitenga tu."

"Na mtu akichelewa kurudi?"

"Hulala huko huko mpaka maji yapwe," mzee akasema, anamkatia vocha. "Mie utotoni nimelala mara mbili. Mara ya pili mama alikuwa ng'ambo ananisubiri na bakora."